Kikombe cha Kila Asubuhi: Kuanza na Kudumu katika Tiba ya Methadoni

(Haya ni maelezo aliyoyatoa Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata. Yamechapishwa hapa kwa maombi ya wananchi ambao hawakuwahi kuhudhuria.)

  

 Mimi ni mtu wa habari, si tabibu. Yale nitakayoyasema kuhusu dawa nimeyapata kwa wauguzi, wafamasia na maafisa ustawi wa jamii wanaoifanya kazi hiyo kila siku, nao wameyapitia maelezo haya kabla sijasimama mbele yenu. Yale nitakayoyasema kuhusu familia nimeyaona nyumbani kwetu kwa macho yangu.

Katika mkutano uliopita liliwekwa mbele yenu wazo la kufungua, katika kituo chetu cha afya, dirisha la kutolea dozi za methadoni kwa wakazi wenzetu ambao hivi sasa husafiri kila siku hadi kliniki ya hospitali ya mkoa. Wengi mlilipinga. Mzee wangu mmoja alisema kwamba mateja watajazana hapa, wala hata kuku wetu hawatalala salama. Mama mmoja aliuliza kwa nini mtu aliyejitakia maradhi apewe dawa bure, ilhali yeye hununua vidonge vya shinikizo la damu kwa fedha zake. Hayo si maswali ya kubezwa. Nimekuja kuyajibu, lakini kwanza naomba tuijue tiba yenyewe, maana hukumu ya haki hutanguliwa na ushahidi.

Unga na arosto

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ni dawa ya jamii ya afyuni. Imekuwa ikipitishwa katika pwani yetu ya Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980, na mzigo unaopita njiani hauachi kudondosha. Wako wanaouvuta ukiwa umechanganywa na bangi na tumbaku, na wako wanaojidunga. Anayeutumia kwa muda mrefu hufika mahali ambapo hatafuti tena starehe, bali hutafuta kukwepa mateso. Saa chache baada ya kete ya mwisho hushikwa na arosto: machozi na kamasi humtoka, tumbo humkata, huhara na kutapika, mwili humuuma hadi kwenye mifupa, na usingizi humkimbia. Tunapomwona kijana akiondoka na sufuria za mama yake, tunaona tabia mbaya. Tabia ni mbaya kweli. Lakini nyuma yake umo ubongo uliokwisha kuizoea dawa, hata hauwezi tena kufanya kazi kwa utulivu bila hiyo.

Methadoni nayo ni dawa ya jamii hiyo hiyo, ila mwendo wake ni mwingine. Sisi watu wa pwani twaweza kuielewa kwa mfano wa bahari. Unga ni bamvua: maji hujaa kwa kishindo, kisha hupwa mpaka miamba yote ikawa wazi, na hali hiyo hujirudia mara kadhaa kwa siku. Methadoni ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Hunywewa, haidungwi, huingia mwilini taratibu na kudumu kwa zaidi ya saa 24. Kwa dozi iliyomfaa, mtu halewi wala hapati arosto. Anapata siku nzima ya kufanya kazi, kula, kuoga na kuzungumza na watoto wake.

Dawa hii si ya kujaribiwa juu yetu. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia kuwatibu waraibu wa heroini jijini New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Nchini mwetu tiba hii ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuatia katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, kisha ikafika Zanzibar na mikoa mingine, ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Hivyo kinachozungumzwa leo ni kusogeza karibu huduma ambayo Watanzania wenzetu wanaitumia kwa zaidi ya miaka kumi.

Hatua za kuanza

Hakuna mtu anayefika dirishani na kukabidhiwa kikombe siku hiyo hiyo kwa kuomba tu. Mara nyingi safari huanzia mtaani, kwa mwelimisha rika, mhudumu wa afya ya jamii au afisa ustawi wa jamii anayemfahamisha mraibu kuhusu tiba na kumwandaa. Akifika kliniki, daktari humuuliza historia yake yote: alianza lini, hutumia kiasi gani, anachanganya na nini, na aliwahi kuzidiwa mara ngapi. Mkojo hupimwa kuthibitisha kwamba anatumia dawa za jamii ya afyuni, kwa sababu kumpa methadoni mtu asiyezizoea ni kumweka katika hatari ya kifo. Hupimwa pia kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na wanawake hupimwa ujauzito. Huelezwa masharti, kisha huridhia mwenyewe. Ni vyema aje na ndugu au rafiki atakayekuwa msaidizi wake katika tiba.

Naomba niseme wazi kwamba methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu uraibu wa bangi, mirungi, kokeini wala pombe. Hizo zina njia nyingine za msaada, na afisa ustawi wa jamii ataonyesha pa kuanzia.

Dozi ya kwanza huwa ndogo. Kwa kawaida haizidi miligramu 30, hata kama mgonjwa anadai kwamba alikuwa akitumia kete nyingi kwa siku. Sababu ni kwamba methadoni hujilimbikiza: dozi ya Jumatatu huwa bado haijaisha mwilini Jumanne dozi nyingine inapoingia. Kwa hiyo huongezwa kidogo kidogo, kwa kupisha siku kadhaa, huku wauguzi wakimwangalia.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazotaka uangalifu mkubwa kuliko wakati mwingine wote. Mgonjwa bado hutokwa jasho usiku, hukosa usingizi na huutamani unga. Hapo jamaa husema, "Hiyo dawa ni maji matupu." Naye, kwa kukata tamaa, huongeza kete, au pombe, au vidonge vya usingizi, juu ya methadoni ambayo tayari imo mwilini. Mchanganyiko huo huzima pumzi. Mkimwona anasinzia kupita kiasi, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi au haamki akitikiswa, msimwache alale, wala msimmwagie maji mkidhani yatatosha. Mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni hospitali. Iko dawa iitwayo naloksoni ambayo humrudishia pumzi akiwahishwa.

Kudumu katika tiba

Baada ya wiki kadhaa, dozi hufika mahali pake. Kwa wengi huwa kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku, lakini kila mwili na kipimo chake. Mwenye dozi kubwa si mgonjwa sugu kuliko mwenzake, wala mwenye dozi ndogo si shujaa. Dozi sahihi ni ile inayomwondolea arosto na hamu ya unga bila kumsinziisha.

Kila siku mgonjwa hufika, hutambuliwa, hunywa dawa yake mbele ya mhudumu, kisha hunena neno ili ihakikishwe kwamba amemeza. Sikukuu na mvua hazina likizo. Wale waliotulia kwa muda mrefu huweza, kwa uamuzi wa kliniki, kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani. Dozi hiyo lazima ifungiwe mahali pasipofikiwa na mtoto, kwa kuwa kikombe kinachomtuliza baba kinaweza kumuua mwanawe.

Dawa hii ina maudhi yake: kufunga choo, kutoka jasho jingi, kinywa kukauka, na kwa wengine kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Hayo yasemwe kliniki, yana msaada. Aidha, baadhi ya dawa za kifua kikuu, hasa rifampisini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huimaliza methadoni mwilini upesi, hata mtu akarudiwa na arosto. Asiache mojawapo kwa siri. Amweleze daktari, naye atairekebisha dozi. Mjamzito naye asikatishe tiba kwa hofu. Kukatisha ghafla ndiko kunakoihatarisha mimba, na mtoto akizaliwa na dalili za arosto, hospitali inajua namna ya kumtunza.

Pamoja na kikombe kuna ushauri nasaha, vikao vya makundi na vya familia, na matibabu ya magonjwa mengine. Kikombe hutuliza mwili. Uongo aliousema, madeni aliyoyaacha na ndugu aliowakosea, hayo hayanywewi dawa. Hutengenezwa kwa muda, na huko ndiko familia inakohitajika.

Yaliyotokea nyumbani kwetu

Sasa naomba radhi kwa kuingiza jambo la nyumbani. Kaka yangu mkubwa, aliyenilipia ada ya kidato cha kwanza kwa mshahara wake wa ufundi seremala, alitumia unga kwa miaka tisa. Ameniruhusu kuyasema haya. Aliniambia, "Waambie na sehemu yako."

Alipoanza tiba, kliniki ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 5,000, yaani shilingi 150,000 kwa mwezi. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni, nami ndiye niliyeilipa. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, wa pili ukawa na nafuu. Ulipofika wa nne, kaka alikuwa amenenepa, ameanza tena kupiga randa barazani, na mama alikuwa haufungi tena mlango wa chumba chake kwa kufuli. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu amekwisha kupona. Nikamwambia, "Kaka, sasa jitahidi mwenyewe. Huwezi kunywa dawa maisha yako yote." Nikaacha kutoa nauli. Sikumuuliza muuguzi wala daktari. Nilidhani namfundisha kusimama kwa miguu yake.

Hakunilaumu. Alikwenda siku alizopata kibarua, akakosa siku nyingine. Alipokosa siku nyingi mfululizo hakuweza kurudishwa moja kwa moja kwenye dozi yake ya zamani, kwa kuwa mwili ulikuwa umeanza kuisahau. Ilibidi ashushwe na kupandishwa upya. Aliona haya, akaacha kabisa. Baada ya wiki tano alirudi kwenye unga, akajidunga kiasi kile kile alichokuwa akijidunga zamani. Mwili haukuwa tena ule wa zamani. Mama alimkuta uani, pumzi zikihesabika, midomo imekuwa ya buluu. Jirani yetu mwenye bajaji, ambaye kaka aliwahi kumwibia betri, ndiye aliyembeba hadi hospitali. Alichomwa naloksoni, akafumbua macho.

Yule jirani nilipokwenda kumshukuru na kumlipa mafuta alizikataa fedha. Alisema tu, "Betri nilinunua nyingine."

Kaka alianza tiba upya kutoka dozi ya chini. Leo ana mwaka wa sita dirishani. Aliteleza mara mbili katika mwaka wa kwanza, akasema mwenyewe kliniki, hakufukuzwa. Huamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, hurudi saa nne, na hapo ndipo huanza kazi, wakati mafundi wenzake wamekwisha kupata wateja wa siku hiyo. Amepewa dozi za nyumbani kwa siku za mwisho wa juma tu. Zilizobaki ni safari.

Majibu ya maswali yenu

Mnasema tunabadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Ni kweli kwamba mwili wa mgonjwa huitegemea methadoni. Lakini mwenye kisukari huitegemea insulini, na hatumwiti mlevi. Uraibu ni pale dawa inapomtawala mtu mpaka akapoteza kazi, ndoa na heshima. Dawa inayomrudishia vitu hivyo haiwezi kuhesabiwa sawa na ile iliyomnyang'anya.

Mnauliza itachukua muda gani. Hakuna ukomo mmoja kwa wote. Wengi huhitaji zaidi ya mwaka, baadhi huhitaji miaka mingi. Anayetaka kuacha hupunguziwa pole pole na daktari, kwa miezi, akiwa ametulia kimaisha. Nimewaeleza kilichotokea pale mtu asiye daktari alipoamua kwa niaba ya mgonjwa. Sitawaahidi pia kwamba kila anayeanza atafika. Wako wanaoacha njiani, na sababu inayotajwa mara kwa mara ni umbali na nauli.

Mzee wangu, uliniambia kwamba dirisha litaleta mateja. Nakuomba tuwataje moyoni, hatuhitaji kuwataja kwa sauti. Tunawajua kwa majina ya mama zao. Hawatoki mbali, wamezaliwa hapa na wamechezea uwanja huu tuliokalia. Dirisha linalokusudiwa litawahudumia wale waliokwisha kuandikishwa na kutulia katika kliniki ya mkoa, si kuanzisha wagonjwa wapya. Anayeiba kuku alfajiri anatafuta fedha ya kete ili arosto isimkute. Aliyekunywa dozi yake hana arosto ya kukimbia. Hilo halimfanyi awe malaika, lakini linamwondolea haraka ile ya kuiba.

Na wewe mama uliyeuliza kuhusu vidonge vya shinikizo la damu, swali lako limenikalia tangu siku ile. Si haki kwamba unahangaika, wala sitakwambia kwamba ni haki. Taratibu za msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo zipo, na Afisa Ustawi wa Jamii amekaa pale kushoto. Ameniahidi kwamba hutaondoka leo kabla hajakusikiliza. Lakini kumnyima mwingine kikombe hakutakuongezea wewe kidonge. Na sindano inayochangiwa vichochoroni hueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini, ambavyo huishia kwa wake, waume na watoto ambao hawajapata kuuona unga. Tiba hii humwondoa mtu kwenye sindano. Faida yake haibaki kwa mgonjwa peke yake.

Tunachoombwa

Mwenye ndugu anayetumia unga asimfungie ndani, asimfunge kamba, wala asimpeleke mahali wanapotibu kwa viboko. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Amwone mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chake au Afisa Ustawi wa Jamii, kwa siri kama anapenda. Mwenye ndugu aliyekwisha kuanza amsindikize wiki mbili za mwanzo, amlindie nauli yake, na asimwambie amepona. Aachie kliniki neno hilo. Waajiri na mafundi wanaoweza kumpokea mtu saa nne badala ya saa moja wamfikirie.

Kuhusu dirisha, uamuzi ni wenu na utachukuliwa katika mikutano ya vijiji kwa taratibu zake. Sikutumwa kuwalazimisha, na mtakaloamua nitaliandika kama lilivyo katika jarida hili. Ninachoomba ni kwamba kila atakayenyoosha mkono, wa kukubali au wa kukataa, awe amemfikiria mtu mmoja anayemjua kwa jina, na saa anayoamka.

Kaka yangu hayupo mkutanoni. Leo ni Alhamisi. Alikwenda kliniki, na basi la kurudi limeharibika njiani. Amenipigia simu kabla sijasimama, akaniambia nisimngojee.